Povu la Pipa la Saba

Jumatatu, 3 Juni

Nafasi imepatikana! Mmoja wa waonjaji wanne wa kiwanda chetu amestaafu. Saa ya chai Fundi Mkuu, mama asiyecheka ovyo, katangaza kwamba kiti chake kitajazwa Jumamosi. Kiwanda chenyewe kidogo, tunapika bia aina tano tu, lakini jopo la waonjaji ni jopo. Wanakaa. Wana viti vyenye migongo. Mimi mwaka wa kumi na moja huu nabandika lebo nimesimama.

Nimejiandikisha wa kwanza. Nikadhani nitakuwa peke yangu. Kumbe Mlinzi naye kajiandikisha! Mtu wa kufungua na kufunga geti! Nimemuuliza kwa upole anajua nini kuhusu bia. Akasema hajui kitu, ila pua yake haijawahi kumdanganya.

Mimi najua kila kitu. Lebo ya bia yetu kali naijua kichwani: zabibu kavu, sukari iliyoungua, kimea kilichokaangwa, mwisho wenye joto. Nimebandika maelfu. Nani wa kunifundisha?

Jumanne, 4 Juni

Fundi Mkuu katueleza mtihani. Glasi tatu kwa kila mtu. Mbili zina bia kali ya kawaida, moja ina bia ya Pipa la Saba. Ukiijua iliyo tofauti na ukaeleza kwa nini, kiti ni chako. Pipa la Saba ni kama mwanawe. Amelilea miezi minane, nguvu yake asilimia kumi na moja, na haruhusu mtu hata kuliegemea. Kwa macho bia hizo mbili hazitofautiani. Nyeusi zote, kama chai iliyosahaulika jikoni.

Jioni nimefanya mazoezi nyumbani. Mke wangu kanipangia vikombe vitatu. Nikazungusha, nikanusa, nikanywa kidogo kidogo kama wakubwa wanavyofanya. Nikatamka bila kusita kwamba cha tatu ndicho bora, kina zabibu kavu nyingi. Kasema cha tatu ni bia niliyoiacha wazi tangu Jumapili, na hiyo zabibu ni inzi.

Katikati ya mjadala kakimbilia jikoni na kufungua madirisha yote. Maharage yalikuwa yameungua hadi sufuria. Mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka jikoni. Basi kaanza upya hadithi yake kwamba tangu ile homa ya mwaka juzi pua yangu imebaki kuwa pambo la uso. Si kweli. Imetulia tu.

Kanisihi nimwambie Fundi Mkuu ukweli, maana njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu kwamba fupi ndiyo nzuri, mtu anafika mapema.

Alhamisi, 6 Juni

Nimetafakari tangu jana. Kama siwezi kuipandisha pua yangu, nitaishusha ya Mlinzi. Nimenunua pipi za mnanaa, zile kali zinazotoa machozi. Mtu akizimumunya mchana kutwa pua inakufa ganzi, hiyo ni sayansi. Nikampelekea pakiti tatu getini nikiwa nimevaa tabasamu la undugu.

Kazipokea kwa mikono miwili. Mtu mwenye adabu, hilo sikatai.

Saa tisa kaja mwenyewe hadi kwenye meza yangu ya lebo kunishukuru. Kumbe tangu Jumatatu alikuwa na mafua! Alikuwa ameshaamua kujitoa. Sasa pua imezibuka, anasikia hata gundi ya lebo zangu kutoka getini. Kasema Mungu anilipe.

Nimeshindwa kula chakula cha jioni.

Ijumaa, 7 Juni

Ushindi! Nimeupata leo, na aliyenipa ni Fundi Mkuu mwenyewe.

Kaniagiza nioshe majagi mawili ya kesho. Jagi la mpini mweupe kwa bia ya kawaida, la mpini mwekundu kwa Pipa la Saba. Atamimina mwenyewe nyuma ya pazia ili tusione. Akaongeza wimbo wake wa siku zote: nisitumie kitambaa cha jikoni, mafuta ni adui wa bia, alama ya kidole chenye mafuta inatosha kuua povu. Miaka yote hii wimbo huo uliingia sikio hili ukatokea lile. Leo umekaa.

Kwa hiyo glasi isiyo na povu itakuwa ya Pipa la Saba! Hakuna haja ya pua wala ulimi. Macho yatosha.

Stoo hapakuwa na mtu. Mafuta sikuwa nayo, ila kwenye mkoba nilikuwa na kopo langu la mafuta ya nywele. Nikayapaka ndani ya jagi jekundu kwa kidole kimoja, kwa wembamba wa hali ya juu. Nimelinusa jagi mara mbili, mimi si mzembe. Halina harufu yoyote.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kesho watauona usemi huu ukifanya kazi.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kwa ufupi, mikono imechubuka kwa sabuni.

Saa nne kamili tulikuwa mezani, mimi na Mlinzi upande mmoja, jopo upande wa pili. Bia haikuwa baridi. Fundi Mkuu kasema bia kali ikigandishwa inafunga mdomo kama mtoto mwenye haya, lazima ipate joto la chumba ndipo iseme. Glasi zangu zikaja. Mbili zilikuwa na povu, ya kati ilikuwa tulivu kama dimbwi. Nilijizuia nisicheke. Nikanusa zote kwa heshima, nikafumba macho, nikasema ni ya kati. Nikaisoma lebo yote kutoka kichwani, mpaka ule mwisho wenye joto.

Fundi Mkuu kasema nimepata! Nilishaanza kukichagua kiti.

Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anaitazama glasi. Akauliza povu limekwenda wapi. Akamimina tena kutoka jagi jekundu, hakuna. Akalitua jagi mezani. Kisha akasema kwamba pipa limeharibika, kuna kitu kimeingia kwenye mbao, na bia yote ya miezi minane itamwagwa leo hii kabla ya chakula cha mchana.

Hapo moyo uliniuma, naandika ukweli. Nikafungua mdomo niseme. Nikakiona kiti. Nikaufunga.

Mlinzi ndiye aliyeomba dakika moja. Alikuwa bado ameishika glasi yake. Akasema bia ni nzima, ila imefunikwa na kitu. Akanusa tena. Akasema ni nazi, na maua ya dukani kidogo. Akasema harufu hiyo humpita getini kila asubuhi saa moja na nusu.

Wote wakanitazama kichwani. Nywele zilikuwa zinang'aa, siwezi kukataa.

Jagi likaoshwa, bia ikaletwa upya. Povu likapanda, zito, rangi ya maziwa yenye chai, likabaki palepale. Nikajaribu tena, nikachagua ya kushoto. Haikuwa ya kushoto. Mlinzi akachagua ya kulia, akasema kwanza inakuja mbao, halafu tini, halafu magunia mapya ya ghala alilopakia mizigo ujanani. Fundi Mkuu akaweka kalamu chini. Akafuta macho kwa pindo la aproni.

Nami nikanywa iliyobaki. Joto lilishuka polepole hadi tumboni, likatulia. Hayo mengine sikuyasikia. Nilitamani kuyasikia, nilitamani sana.

Kiti kimekwenda kwa Mlinzi. Mimi sikufukuzwa. Fundi Mkuu kasema nitaosha majagi na glasi za jopo kila Jumamosi, kuanzia leo, na Mlinzi atavinusa kimoja baada ya kingine kabla bia haijamiminwa.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka na mawazo mapya.

Kwanza, kila Jumamosi saa nne nitakuwa chumba kimoja na jopo. Hiyo si adhabu, ni hatua. Pili, mwonjaji mwingine anahama mwezi wa tisa. Kiti kingine! Tatu, nimeupitia mpango wangu mwanzo hadi mwisho na kasoro ni moja tu. Povu lilikufa kama nilivyokusudia. Kilichoniangusha ni harufu ya yale mafuta.

Nimekwenda duka la dawa. Nimechagua kwa makini, chupa baada ya chupa, muuzaji akinishangaa. Nimepata mafuta ya ini la samaki, mepesi, maangavu. Kufika nyumbani nimeyapaka kwenye jagi letu la maji kwa majaribio na kulinusa mara tatu. Hayana harufu kabisa.

Mke wangu kaingia na kufungua madirisha yote. Joto, nadhani. Paka wa jirani wamekaa mlangoni tangu saa kumi, watatu, wananitazama kwa heshima ambayo kazini sijawahi kuipata.