Kidude cha Maji na Sufuria la Yokasta

Redio ya dukani kwa Doña Chea ilimaliza wimbo wa bachata, ikaingia taarifa ya habari ya saa tatu na nusu. Mkubwa wa idara ya maji, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuoga, alitangaza kwamba huduma katika mtaa wa Los Cocuyos sasa imefikia asilimia tisini na nane.

"Tisini na nane ya nini?" Cuchara aliuliza, huku akichungulia dhumna za jirani yake.

"Ya hewa," alijibu Senador. "Hewa bombani tunapata kila siku, tena kwa presha. Hizo mbili zilizobaki ndizo maji."

Walikuwa wanne kwenye viti vya plastiki mbele ya duka, kama kila Jumamosi, meza ya dhumna katikati na vikombe vidogo vya kahawa pembeni. Senador, yaani Seneta, hajawahi kuchaguliwa hata ukiranja wa darasa, ila huongea kama mtu anayesubiriwa bungeni. Cuchara, yaani Kijiko, alipewa jina hilo kwa kuwa mtaani hakuna chungu asichochovya. Mudo ni bubu kwa jina tu. Aliendesha teksi miaka thelathini, akaongea na abiria mpaka akaona inatosha. Wa nne ni Eligio, fundi redio, ambaye mtaa mzima unamwita Bombillo, yaani glopu, na asubuhi hiyo glopu lilikuwa linawaka kwelikweli.

"Mwacheni mkubwa na asilimia zake," Bombillo alisema. "Sisi tuna chombo chetu. Maji yakigusa bomba tu, spika ya Doña Chea inapiga king'ora mtaa mzima. Hata mji mkuu hawana kitu kama hiki."

Chombo chenyewe kilikuwa kibao cha umeme, kidogo kuliko pakiti ya sigara, alichokifunga kwenye bomba la uani nyuma ya duka. Kibao kilisikiliza bomba, kisha kikaipelekea kompyuta ya Chea habari kwa waya. Juu yake Bombillo alikuwa amefunika sufuria kubwa la binti yake Yokasta, mvua isije ikakilowesha.

Sufuria hilo lilikuwa na kazi nyingine hapo awali. Maji ya Los Cocuyos huja Jumamosi, dakika arobaini, kwa saa ambayo hata wanaoyafungulia hawaijui. Basi kila nyumba iliacha bomba wazi na sufuria tupu chini yake. Sufuria likilia, wa kwanza kusikia anapiga ukelele, na mtaa mzima unakimbilia ndoo. Bombillo aliyakomesha hayo wiki iliyopita. Alipita nyumba kwa nyumba akifunga mabomba ili kibao chake kisome vizuri, na Senador akamfuata nyuma akihutubia kwamba kupigia maji kelele ni ushamba.

Na Yokasta alikuwa amemwamini baba yake. Saluni yake ni nyumba ya tatu kutoka dukani, na ndani yake walikaa wanawake watatu wenye rangi ya nywele kichwani wakisubiri kusuuzwa, ndoo zote tupu. Mmoja wao, Maribel, alikuwa anafunga ndoa saa kumi jioni. "Wapake tu," Bombillo alikuwa amesema. "Maji yakija utasikia."

Saa nne kasoro dakika kumi Doña Chea alitoa kichwa dirishani.

"Bombillo, hiki kidude chako kimelewa."

Wote wakaingia kuangalia, isipokuwa Mudo, aliyebaki na dhumna zake. Kwenye kioo cha kompyuta, mahali palipopaswa kuandikwa kama maji yapo au hayapo, palijaa vimraba, herufi zenye mikia na alama za kuuliza zilizopinduka.

"Kinaongea Kirusi," Cuchara alisema.

"Ni waya," alisema Bombillo. "Doña Chea, umechomoa waya wangu ukachajia simu?"

"Waya wako niutakie nini? Simu yangu ina adabu, haipokei kila kitu."

Bombillo alifunga programu yake. "Mtu asiguse kitu," alisema, akaenda uani. Aliinua sufuria, akakagua waya, akapuliza vumbi. Taa ya kibao ilikuwa inapepesa kama kawaida. Alirudi akijikuna kisogo, akafungua mipangilio ya programu, akakodoa macho.

"Nani kabadilisha kasi hapa? Kibao kinaongea kwa elfu tisa na mia sita. Kompyuta imewekwa isikilize kwa laki moja na ushee. Mmoja anatamka polepole, mwingine anasikiliza mbio, kila neno linakatwa vipande."

Senador alikohoa. "Hilo lilikuwa suala la kisera."

"Ni wewe?"

"Jana. Elfu tisa ni mwendo wa punda, kompadre. Nikaona kwenye orodha kuna namba kubwa zaidi, nikasema tusibaki nyuma. Nilitegemea na maji nayo yataharakisha."

"Kwani maji yanapita kwenye huu waya?"

"Mimi natoa dira. Utekelezaji ni wenu."

Sauti ya Yokasta ikaja kutoka saluni. "Baba, bado?"

"Bado, mwanangu. Yakija utasikia."

"Maribel anauliza, rangi ya asali huwa inapitia kwenye karoti?"

"Mwambie inapitia tu, haikai."

Alirudisha kasi ilivyokuwa, akabonyeza kuunganisha. Kompyuta ikafikiri, kisha ikaandika: mlango unatumika na programu nyingine.

"Mlango upi?" Chea aliuliza. "Nina mlango mmoja, na umeuziba wewe."

"Mlango wa waya, mama. Anaingia mmoja tu. Akishakuwemo mtu ndani, programu yangu inabaki nje inabisha hodi."

"Kama choo cha hapa," alisema Senador.

"Choo cha hapa kina mlango?" Mudo aliuliza kutoka nje. Hiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza tangu Alhamisi.

Bombillo alipeleka mkono kwenye swichi ya kuzimia, Chea akaupiga kofi. "Hiyo haizimwi. Mara ya mwisho ilizimwa Pasaka, ikaja kuwaka mwezi wa saba mwanangu aliporudi kutoka New York."

"Basi niache nitafute kilichoingia."

"Tafuta, ila karata zangu usizifunge, nashinda."

"Na wewe una haraka gani, kaka?" Cuchara alimshika Bombillo bega. "Mashine ukiiacha inajifungua yenyewe. Twende tukamalize mchezo."

"Cuchara, kuna bibi harusi kule anageuka karoti."

"Ndoa yenyewe ikishapita mwaka nani atakumbuka nywele?"

Chea alikuwa amefungua kila kitu tangu mwezi huo wa saba na hajafunga hata kimoja. Palikuwa na karata, besiboli, namna ya kupika mihogo, picha za wajukuu, na besiboli tena. Kompyuta ilikwenda kwa mwendo wa maandamano ya Ijumaa Kuu. Kila dirisha lilihitaji ruhusa ya Chea, na kila ruhusa ilikuja na hadithi yake. Jasho lilimtoka Bombillo. Mara mbili Yokasta aliita, mara mbili alijibu bado, na mara ya pili sauti yake mwenyewe hakuipenda.

Chini kabisa, nyuma ya wajukuu, palikuwa na kidirisha kilichofichwa. Alipokibonyeza kikajitanua. Lilikuwa lile dirisha la kuchungulia, ambalo mafundi hufungua kusikia kibao kinasema nini, nalo ndilo lililoushikilia mlango. Ndani yake, mstari kwa mstari na saa yake pembeni, kibao kilikuwa kimesema kila kitu kwa ufasaha. Hakuna maji. Hakuna maji. Saa nne na dakika tano, maji yapo. Maji yapo, maji yapo, mpaka saa nne na dakika arobaini na tano. Kisha hakuna maji.

Bombillo alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano kasoro kumi.

"Nani kafungua hili?" aliuliza taratibu.

Cuchara alikuwa anasoma kwa makini maandishi ya kopo la nyanya.

"Ulipokuwa uani," alisema hatimaye, bila kugeuka. "Nilitaka tu niwe wa kwanza kujua. Nikasikia unarudi, nikakificha. Halafu nikasahau."

"Kwa hiyo maji yamekuja, yamekaa, yameaga, na habari zote ulikuwa nazo wewe."

"Sikuzisoma," Cuchara alisema kwa uchungu. "Hata mimi pipa langu ni kavu."

Yokasta aliingia bila kupiga hodi. Nyuma yake walisimama wanawake watatu wenye taulo shingoni, na Maribel mbele yao, kichwa kikiwa na rangi ambayo hata karoti ingeikana. Hakulia. Alimtazama Bombillo tu, na Bombillo akatamani angelia.

"Twendeni kwangu," Mudo alisema kutoka nje.

Wote wakageuka.

"Siku ile ya kufunga mabomba na hotuba, mke wangu alikuwa kwa dada yake, nyumba haikuwa na mtu. Bomba letu liko wazi na sufuria lake liko chini. Lililia saa nne na dakika tano. Mke wangu amejaza mapipa manne."

"Na wewe ulijuaje, umekaa hapa muda wote?" Bombillo aliuliza.

"Nyumba yangu si hiyo hapo? Nilisikia."

"Sasa mbona hukusema?" Senador alifoka.

"Mlisema kelele ni ushamba." Mudo aliweka dhumna yake ya mwisho mezani, akasimama, akawaongoza wanawake kuvuka barabara.

Yokasta alibaki mlangoni sekunde moja.

"Baba, sufuria langu liko wapi?"

Akavuka barabara kuwafuata wateja wake. Bombillo alikwenda uani, akaliondoa sufuria juu ya kibao kilichokuwa bado kinapepesa taa yake na kuripoti bila kukosea, akaliweka chini ya bomba, akafungua. Bomba likatoa hewa, nyingi, kwa presha nzuri kabisa.