Nguzo Zilizogoma Kustaafu

Idara ya Majengo ilikuwa na furaha kuutangazia umma kwamba nguzo zote za msingi zilizotimiza miaka sitini zinastaafishwa kwa heshima. Tangazo hilo nililiandika mimi, Katibu wa Kamati ya Idara.

Chanzo kilikuwa wodi ya wazazi. Ya zamani ilishabomolewa, na akina mama walilala wawili wawili kitanda kimoja kwenye ukumbi wa kuazima. Mhandisi, mama asiye na maneno mengi, akapendekeza nguzo za zege zilizobaki ardhini zitumike tena. Tuongeze mpya chache pembeni, zisaidiane mzigo. Wodi ingekwisha kabla ya mvua.

Mkurugenzi wa Idara aliteremka kwenye shimo la msingi na Kamati nzima, suruali tumezikunja hadi magotini.

"Hizi zina umri gani?"

"Sitini na miwili, Mkurugenzi. Tumezipakia mzigo mara mbili ya ule zitakaoubeba, hazikutitia."

"Sikuuliza kutitia, nimeuliza umri. Zing'olewe, ziwekwe mpya tupu."

"Kuzing'oa ni kazi ya mwaka mzima. Na wazazi je?"

"Wavute subira. Taratibu ni taratibu."

"Uchungu haujui taratibu," alisema Mhandisi.

Kamati ikapitisha azimio: chochote kilichotimiza miaka sitini kisibebe mzigo wa serikali. Tukapiga makofi, tukanywa chai, nami nikaandika lile tangazo.

Waziri alikuja kulitia saini azimio pale pale shimoni. Alisoma, akakwama kwenye "chochote", akavua miwani.

"Mkurugenzi, una miaka mingapi?"

"Sitini na minne, Mheshimiwa. Niko kwa mkataba wa nyongeza."

"Mimi sitini na saba."

Fundi mmoja akasema chini chini, "Mzee kajichongea."

"Wenye umri wapimwe, nguzo na watu," Waziri akaamua. "Anayebeba abaki, asiyebeba apumzike."

Nguzo zilifaulu zote. Waziri naye alifaulu, kwa kuwa hakupatikana wa kumpima. Mkurugenzi aliulizwa amebeba mzigo gani tangu aongezewe mkataba. Akaomba muda aunde kamati. Alipumzishwa siku hiyo hiyo, kwa heshima.

Wodi ilikwisha kabla ya mvua. Haukupita muda, mzee mmoja akaja kumwona binti yake aliyejifungua humo. Alipapasa ukuta, akamuuliza mkunga jengo hili limesimama juu ya nini hasa.

"Juu ya wazee, babu," mkunga akamjibu, akimpakatisha mjukuu. "Haya, na wewe beba."