Meli Iliyopotelea Temeke

Jumatatu, 8 Novemba 1999

Siku kubwa. Kuanzia leo saa nne asubuhi, tovuti ya Mwajabu Simu na Faksi, Temeke, inaonyesha habari za dunia nzima. Kazi yangu mwenyewe. Bi Mwajabu, mwenye duka, aliniajiri nipokee faksi na kuwapigia watu simu. Kutengeneza tovuti nilijitolea. Alikubali ili nisisinzie.

Siri iko hivi. Kuna shirika la ng'ambo linagawa vichwa vya habari bure kwa yeyote mwenye tovuti. Unachukua mistari michache ya maandishi ya kompyuta, unaibandika kwenye ukurasa wako, basi. Wao wakiandika kule, kwako inatokea yenyewe. Mie nimeongeza juu, kwa herufi nyekundu: MHARIRI: DIDAS. Sijadanganya. Nimehariri rangi.

Nikageuza monita itazame barabarani, dirishani. Hadi adhuhuri watu wamejaa. Jamali, muuza magazeti wa ng'ambo ya barabara, alibaki na mbuzi mmoja aliyekuwa anamtafunia ukurasa wa michezo. Akaja kuniambia hayo maandishi ni ya Kizungu, watu hawaelewi. Nikamjibu wanaangalia hadhi.

Aliyeelewa ni mmoja tu, na ndiye niliyemtaka. Mzee Projestus, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, baba wa Auleria wangu. Alitoka Kiwalani kwa miguu. Alisoma mstari kwa mstari, mikono nyuma, kama anasahihisha. Kisha akauliza kama kweli haya yote yanapita mikononi mwangu. Nikasema yanapita. Akasema alikuwa ananidhania mpiga faksi.

Nikamshauri aachane na magazeti. Habari za jana zile. Akaondoka anatikisa kichwa, lakini kwa wema. Sherehe ya kumvisha Auleria pete ni Jumamosi ya wiki ijayo, na kwa mara ya kwanza sina wasiwasi.

Jumanne, 9 Novemba

Asubuhi njema, mchana mbaya. Tatizo ni waya wa simu. Duka lina laini moja. Kompyuta ikiwa kwenye mtandao, simu haiingii wala haitoki. Mama mmoja wa Tandika alikaa kwenye benchi akisubiri simu ya mumewe wa Maskati tangu asubuhi, akasubiri, akaswali, akasubiri tena. Simu haikulia, kwa sababu mie nilikuwa nasoma habari za uchaguzi wa nchi nisiyoijua.

Bi Mwajabu alipogundua hakupiga kelele. Alichomoa waya kwenye kompyuta, akauchomeka kwenye simu, akaniambia duka lake ni la watu kuongea.

Lakini Didas hashindwi. Kabla hajachomoa nilikuwa nimeshauhifadhi ukurasa ndani ya kompyuta. Unaonekana vilevile. Nani atajua kama uko hai au umekufa? Kesho nitabadilisha tarehe tu pale juu.

Jumatano, 10 Novemba

Nimebadilisha tarehe. Watu wamesoma. Hakuna aliyeshtuka. Jamali alisimama kwa muda, akasema mbona ni kama ya jana. Nikamwambia dunia haibadiliki kila siku. Nikajipongeza kwa soda baridi.

Saa kumi akaja Mzee Projestus. Jana hakuja, alikuwa na shughuli ya kanisa. Nikamwona anasoma. Kisha nikamwona hasomi tena, ameshika nondo za dirisha. Nikatoka. Shikamoo yangu hakuiitikia.

Alinionyesha kwa kidole kichwa cha nne kutoka juu. Mie sikuwahi kukisoma. Kilisema meli ya mizigo iitwayo Aldena imepoteza mawasiliano katika Bahari ya Arabuni, na haijulikani iliko.

Albano, kaka yake Auleria, ni fundi wa injini kwenye Aldena. Nilijua yuko baharini, na akifika bandarini hupiga simu kwetu dukani, kwao Kiwalani hakuna simu. Jina la meli sikuwahi kuuliza.

Mzee akaniuliza, taratibu kabisa, "Didas, hii ni ya leo?"

Hapo ningeweza kusema ni ya jana. Ningeweza kusema sijui chochote, naibandika tu. Lakini tarehe ya leo niliiandika mwenyewe, na jina langu liko juu yake kwa wekundu.

Nikasema, "Ya leo, Mzee."

Akaomba maji. Bi Mwajabu akamletea na kumkalisha kwenye benchi. Wakapiga namba aliyoiacha Albano, ya ofisi ya wenye meli huko ng'ambo. Iliita tu. Mzee akasema tujaribu kesho, akaondoka bila kukunja mikono nyuma.

Jioni mvua ya radi.

Alhamisi, 11 Novemba

Asubuhi nilimwambia Bi Mwajabu kila kitu. Sikutaka, ila nilihitaji waya. Nikamwomba dakika kumi tu za mtandao, tuone kama kuna habari mpya. Akaniambia chukua. Nikachomeka. Kimya. Radi ya jana imepita kwenye waya wa simu. Simu imepona, modemu, kile kifaa cha mtandao, imekufa. Inanuka kama plastiki ya kuchomea taka.

Nikafikiria kuzima monita. Nikaona itakuwa mbaya zaidi. Mzee akikuta giza atadhani nimemficha jambo. Basi nikaacha. Nikabadilisha tarehe.

Nimeandika hilo na naona linasomeka vibaya. Wakati ule lilikuwa na mantiki.

Mzee alikuja mara tatu. Kila mara Aldena ilikuwa haijulikani iliko. Jamali alimpekulia magazeti yote, bila kumtoza, na hakukuta hata neno moja la meli. Redioni nako hakuna. Nikadhani atapata moyo. Hapana. Mzee alisema redio na magazeti hayajapata bado, mhariri wetu amewatangulia. Jamali akanitazama. Sikuwahi kusifiwa nikaumia kiasi kile.

Mchana akaja Auleria. Macho mekundu. Nyumbani Kiwalani wametandika mikeka, mama yake hataki kula, majirani wanaingia na sukari. Akasimama dirishani na kusoma orodha yote, siyo ile ya nne tu. Akauliza mbona matokeo ya mpira chini yake ni yaleyale aliyoyasikia tangu Jumanne. Nikasema ligi imesimama. Akauliza ligi gani. Nikasema karibu zote.

Aliniomba kitu kimoja, nimwulize mwandishi wangu wa huko baharini kama kuna mtu yeyote ameonekana. Nikamwahidi. Sina mwandishi wa baharini. Sina hata wa Tandika.

Nimeshindwa kula wali. Nilipitisha kijiko, nikarudisha.

Ijumaa, 12 Novemba

Niandike polepole, leo habari ni njema.

Asubuhi nilikuja nikiwa nimeamua. Mzee akifika, namwambia. Nilipanga hata maneno. Nikabadilisha tarehe kwa mazoea, nikakaa.

Mzee akafika saa tatu, na koti, kama mtu anayekwenda mahali rasmi. Akasimama dirishani. Nikainuka. Nikafungua mdomo. Simu ikalia.

Bi Mwajabu akapokea. Akasikiliza. Akaziba chombo kwa kiganja, akaita kupitia dirishani, "Mzee Projestus, ingia ndani. Ni mwanao."

Mzee hakuelewa. Akauliza mwana yupi. Bi Mwajabu akamwambia ni Albano, anapiga kutoka bandari ya Salala, Omani, njoo kabla haijakatika.

Sijawahi kumwona mzee yule akikimbia. Alipita mlangoni na koti likanasa kwenye kitasa, akaliacha hapohapo. Akashika simu kwa mikono miwili. Muda wote alikuwa anasema "ndiyo" tu. Ndiyo. Ndiyo, baba. Ndiyo. Machozi yanashuka na yeye hayafuti. Bi Mwajabu aligeukia ukutani, akajifanya anapanga karatasi za faksi. Mie nilikaa chini sakafuni.

Habari yenyewe ilikuwa ndogo. Redio ya meli iliharibika Jumatatu. Jumanne jioni meli nyingine ikawaona, wakapeana taarifa, yakaisha. Wakaendelea na safari wakila maharage kama kawaida. Albano hakujua kama kuna mtu yeyote anamlilia. Alikuwa amepiga kwa ajili ya sherehe ya dada yake, kuuliza kama huyo mchumba ana kazi ya maana.

Mzee akanitazama pale chini. Akasema kwenye simu, "Anayo. Ni mhariri."

Alipokata akaniinua mwenyewe. Kisha ualimu ukamrudia. Akaniuliza, kama wameonekana tangu Jumanne jioni, kwa nini tovuti yangu hadi leo asubuhi inasema hawajulikani waliko?

Maneno yangu ya kukiri yalikuwa tayari mdomoni, nayaapia. Yakatoka mengine.

Nikasema, "Mzee, wenzetu wanakurupuka. Sie hatutangazi kwamba mtu yu salama mpaka tumsikie kwa masikio yetu."

Akafikiri. Akasema huo ndio uandishi. Akanipa mkono. Akavaa koti, akaenda Kiwalani kukunja mikeka.

Bi Mwajabu akasubiri afike mbali. Akasema, "Mwanangu, wewe ungekuwa daktari tungekwisha." Akazima monita na kuigeuza itazame ukuta.

Ila nimekaa nikatafakari kwa haki. Ningekuwa kwenye mtandao leo saa tatu, simu ya Albano ingeingia wapi? Isingeingia. Laini ilikuwa wazi kwa sababu nilitumia ukurasa wa zamani. Sitaki sifa. Naandika tu ilivyokuwa.

Jumapili, 14 Novemba

Usingizi mzuri, siku mbili mfululizo. Nilialikwa chakula Kiwalani. Ndizi, samaki, watu wanacheka ovyo kwa jambo lolote. Mama yake Auleria amenipakulia mara mbili. Auleria alinisindikiza hadi barabarani, akaniambia anajua kuna kitu sikukisema, na atakipata tu, hata baada ya ndoa. Alikuwa anatabasamu. Nimeamua lilikuwa tabasamu la kawaida.

Na sasa jambo jipya. Mzee aliniuliza mbele ya wageni kuhusu Jumamosi. Sherehe iko uwanjani kwake, na huu ni msimu wa vuli. Akodi maturubai au aache? Nilimwambia aniachie.

Jamaa yangu wa Kinondoni ana mtandao na modemu nzima. Jioni hii nimepitia kwake. Lile shirika linagawa pia utabiri wa hali ya hewa, bure, siku saba mbele, na picha ndogo ya jua. Unachagua mji wako na unabandika. Dar es Salaam haimo kwenye orodha. Nimechagua Khartoum. Kule joto, hapa joto, tofauti iko wapi? Ni jua tupu, siku zote saba, hata wingu moja hakuna. Nimechapisha ukurasa, nimeandika Temeke juu kwa herufi nyekundu, nimempelekea Mzee mkononi. Ameusoma wote na kuukunja vizuri mfukoni. Maturubai hayaji.

Naishia hapa. Nahamisha kitanda, dari inavuja, na wino umeanza kusambaa.