Suti ya Mjomba na Kamera ya Wastani

Jumatatu, 4 Mei

Amefuta tena! Jean-Bosco, yule Mrundi wa Upplands Väsby tunayesali naye kanisa moja, mhariri wa ngazi ya nne. Jumapili nzima nimekaa kwenye kompyuta nikichora eneo la kamera ya wastani kwenye ile app ya barabara, njia ya Tumba, mwanzo wake na mwisho wake. Leo asubuhi halipo. Ameniachia ujumbe: zile nguzo mbili ni za kupima upepo na baridi, ndugu, siku nyingine piga picha kwanza. Ndugu! Undugu wetu umeanza lini?

Niandike humu, maana katika nyumba hii hakuna wa kunisikiliza. Kamera ya zamani ilikuwa na adabu. Unaiona, unakanyaga breki, mnaachana kwa amani. Hii ya wastani inakupiga picha unapoingia, inakupiga tena unapotoka, halafu inakaa chini kupiga hesabu ya mwendo wako wote wa katikati. Breki za dakika ya mwisho hazikuokoi. Kunihesabia mimi, mtu mzima mwenye mvi!

Tangu wanichukulie leseni nimeapa: hakuna Mkongomani wa Stockholm atakayenaswa tena. Ramani ile inachorwa na watu wa kawaida, basi nami ni mtu wa kawaida. Nikiweka kamera, simu ya kila dereva inapiga kelele. Wamenipa ngazi ya pili. Ya pili! Mimi niliyeendesha lori Bukavu hadi Uvira katika matope!

Jioni Yaya Perpétue, dada yangu mkubwa, akapiga simu kutoka Tumba. Wakwe wanaleta mahari ya binti yake Gaëlle Jumamosi, saa sita mchana. Baba yake Gaëlle ni marehemu, kwa hiyo msemaji wetu ni mjomba, yaani mimi. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Kijana anaitwa Aron, Mrundi, mtoto mpole. Msemaji wao ni baba yake mdogo. Nikauliza jina.

Jean-Bosco.

Sikumaliza ugali.

Jumanne, 5 Mei

Wasemaji tumezungumza kwa simu, kama desturi inavyotaka. Ana sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisani. Amenitajia vitu vyote wanavyoleta, na mwisho, taratibu, suti ya mjomba. Rangi ya bahari, kitambaa kizito, tayari imeshanunuliwa.

Niliitamani, nakiri. Suti yangu ya sasa nilipewa na parokia mwaka niliofika Sweden, na aliyeitoa alikuwa mfupi. Nimesimamia harusi tatu nikiwa na vifundo vya miguu nje. Watoto wa kanisani wananiita Bwana Mafuriko, ati nimepandisha suruali nivuke maji. Wanadhani sisikii.

Tukaja kwenye faini. Kwetu wakwe wakichelewa wanatozwa, na mimi faini naipenda kuliko nyama. Nikasema: mkichelewa, mnaongeza viatu vya ngozi na suti ya pili. Akauliza, na nyinyi mkichelewa? Nilicheka hadi nikakohoa. Tutachelewaje nyumbani kwetu? Nikamwambia, sisi tukichelewa, suti vaa wewe. Akasema sawa. Akaniomba nirudie, mke wake asikie. Nikarudia kwa sauti.

Kisha akajigamba kuwa hatachelewa, kwa sababu app humpa saa ya kufika na yeye huifuata neno kwa neno.

Neno kwa neno, eeh?

Jumatano, 6 Mei

Sikulala kwa furaha. Jean-Bosco akiambiwa na app ajitose ziwa Mälaren, atauliza tu kona ipi. Basi nitamchorea eneo! Kamera ya wastani, kuanzia juu ya Upplands Väsby hadi mlango wa mji, kilomita hamsini kwa saa, sababu: ujenzi wa barabara. Katika barabara kuu! Atatambaa na ujumbe wake wote na masanduku yao, huku malori yakimpigia honi. Watafika kwa Yaya saa saba na nusu, jasho linawatoka. Nami nitakuwa nimesimama mlangoni.

Dhambi? Dhambi gani? Mwendo wa polepole haujaua mtu.

Nitaichora Ijumaa jioni akiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Ramani mpya hushuka kwenye simu alfajiri. Hatapata muda wa kuifuta.

Alhamisi, 7 Mei

Ugomvi garini. Colombe, mke wangu, ndiye anayeendesha siku hizi, na leo alipuuza app mbele ya macho yangu. Ati kibao cha barabarani kimesema tofauti. Nilimpa somo kutoka kwetu Rågsved hadi sokoni, na kurudi. Nikamwambia vibao husahauliwa na mafundi, app haisahau. Nikamwambia kamera ya wastani haina sura, inajificha. Nikamkumbusha kazi yake: anazunguka nyumba kwa nyumba kuhudumia wazee. Leseni yake ikienda, kazi inaenda nayo.

Hapo akapunguza mwendo. Kisha akasema ni kweli, leseni ya pili ikipotea katika nyumba hii tutakula ramani. Ameapa kwamba kuanzia leo app ikisema hamsini, ni hamsini, hata kibao kiimbe.

Nimefurahi sana. Kumbe nikitulia naweza kufundisha.

Ijumaa, 8 Mei

Saa moja jioni nimechora. Mstari safi, mwanzo na mwisho umeshikana vizuri. Nikahifadhi. Nikanywa chai.

Saa mbili Yaya akapiga, analia. Shangazi Adelina amekosa ndege huko Lyon! Ni dada wa marehemu, na bila shangazi mahari haipokelewi, hata wakwe walete ng'ombe mia. Amepata ndege nyingine, anatua Arlanda kesho asubuhi. Colombe na mimi tukamchukue, tumlete moja kwa moja Tumba. Nikasema usilie, Yaya, mimi nipo.

Nikakata simu. Nikaitazama ramani. Arlanda iko juu. Tumba iko chini. Katikati nimechora mimi.

Haraka nikafungua nifute. Imegoma! Maandishi mekundu: eneo hili limethibitishwa na kufungwa na mhariri wa ngazi ya nne. Nikatazama jina.

Jamani! Mtu ananifutia kila kitu tangu Krismasi! Nguzo ananifutia, daraja ananifutia, hata jina la duka la mihogo alinifutia. Leo nimechora uongo mtupu, ndipo anakubali? Na mazoezi ya kwaya hakwenda? Huyu mtu hana msimamo kabisa.

Siwezi kumwandikia afungue. Nimwambie nini? Siwezi kumwambia Colombe pia. Yeye na Yaya Perpétue ni kama pua na mdomo.

Nimepata dawa. Kesho nitaficha simu ya Colombe.

Jumamosi, 9 Mei

Naandika nikiwa na shati la ndani tu. Sitaki kuona nguo.

Simu niliificha kwenye mfuko wa unga wa muhogo. Colombe aliitafuta, akakata tamaa, tukaondoka. Barabara nyeupe, jua, nikaanza kupiga mluzi. Arlanda shangazi akatoka na masanduku manne na kofia. Akakaa mbele, kwa heshima yake. Mimi nyuma, na sanduku mapajani.

Hatujatembea hata robo ya njia, akatoa simu yake. App ileile! Kwa Kifaransa! Sauti ya mwanamke ikatangaza eneo la kamera ya wastani, hamsini, na kwamba wastani wetu ni tisini na moja. Shangazi akapiga yowe. Ati kamera za namna hiyo anazijua kutoka Ufaransa, zilishamla leseni mwaka mzima. Colombe akakanyaga breki, sanduku likanigonga kidevu.

Nikasema ongeza mwendo, hakuna kamera hapa. Colombe akanitazama kwenye kioo. Akauliza nimejuaje.

Mungu wangu! Nikasema ni hisia tu. Akasema hisia zangu ndizo zilizoniweka kiti cha nyuma.

Tukatambaa. Malori yakatupigia honi, mabasi, hata gari linalovuta mashua. Vibao vyote vinasema mia. Nikamwonyesha kibao! Colombe akajibu, kwa sauti yangu hasa, kwamba vibao husahauliwa na mafundi. Na wastani haukushuka, maana mwanzo tulikimbia. Sabini na nane, ikatangaza ile sauti. Shangazi akasema dawa ni moja, tusimame ndani ya eneo, wastani upoe.

Tukasimama! Kwenye kituo cha madereva kupumzika, saa tano na nusu, mahari saa sita! Shangazi akanunua soseji, akaila taratibu, anaitazama simu kama mtu anayesubiri maharagwe yaive. Sabini. Sitini na sita. Nilijificha nyuma ya choo, nikajaribu kufuta eneo kwa simu yangu. Imefungwa. Nikajaribu tena. Imefungwa. Nikarudi garini. Shangazi akanimegea kipande cha soseji, ati nimepauka.

Tumba tulifika saa saba na dakika ishirini. Ujumbe wa Warundi ulishafika kabla ya saa sita. Kwa treni! Treni moja, Upplands Väsby hadi Tumba, hata kubadilisha hawakubadilisha. Walipanda na masanduku wakiimba, abiria wakapiga picha. Mlango wa Yaya haukufunguliwa, maana anayefungua ni msemaji, na msemaji alikuwa choo cha malori. Wakwe wamesimama kwenye ngazi saa nzima na zaidi! Jirani, bibi wa Kiswidi, akawaonea huruma, akawatolea viti na kahawa na vitumbua vya mdalasini. Wakwe zetu wamekaribishwa na jirani! Dada yangu alikuwa amesimama nyuma ya mlango wake mwenyewe, anasikia vikombe.

Gaëlle alikuwa kwenye korido na kitenge chake, rangi ya macho imeharibika kwa machozi. Alidhani tumepata ajali. Nilipotaka kueleza akasema "morbror, sluta", mjomba, acha. Baba yake alinishika mkono hospitalini akaniomba nimsimamie mtoto huyu. Niliona aibu. Aibu ya kweli.

Jean-Bosco akasimama. Hakupaza sauti. Akawasalimu wazee, akampa pole shangazi kwa safari, akasema wao ni wageni na hawana maneno mengi, ila kuna faini moja ambayo mheshimiwa msemaji aliitamka mwenyewe, mara mbili. Mke wake akathibitisha. Watu wakacheka hadi wakashikana. Shangazi Adelina naye, aliyekula soseji, akasema faini ni haki!

Suti ilitolewa kwenye mfuko wake, ikapita mbele yangu. Rangi ya bahari. Nikaigusa mkono wake inapopita. Kitambaa kizito kweli.

Mahari imepokelewa. Gaëlle amecheka mwishoni. Aron ameinama vizuri mbele ya Yaya. Hilo niliandike pia, ingawa sina hali.

Wakati wa kuaga Jean-Bosco akanivuta pembeni. Akaniambia eneo langu la jana lilikuwa limechorwa vizuri kuliko yote niliyowahi kuchora, pande zote zimeshikana, isingekuwa haki kulifuta kabla wasemaji hatujaonana. Usiku huu ataliondoa. Tena ameniandikia pendekezo la kupanda ngazi ya tatu.

Nikauliza kama ngazi ya tatu inaweza kufungua kilichofungwa na ya nne. Akasema hapana.

Jumapili, 10 Mei

Kanisani amekuja nayo! Imemkaa mabegani kama alizaliwa ndani yake. Suruali inafika kwenye viatu, inatulia. Wakati wa sadaka alipita mara mbili mbele yangu, na sadaka hutolewa mara moja. Watoto wakanitazama miguu.

Colombe amepata simu yake alipokuwa anasonga ugali. Aliifuta unga, akafungua app, akasoma kwa muda mrefu historia ya lile eneo, nani kachora, saa ngapi. Mimi nilikula nikitazama sahani. Kisha akanipakulia tena, kidogo, bila nyama.

Nimekaa nikatafakari kosa liko wapi. Lazima mtu ajichunguze. Na nimeliona: kosa lilikuwa barabara! Warundi hawa ni watu wa treni. Nimepoteza wiki nzima kuhangaika na lami.

Harusi ni Agosti, kanisani kwetu katikati ya mji, na suti ya mjomba itatolewa upya siku ya harusi upande wao ukichelewa. Hilo nimemwomba Yaya alipeleke kwa wakwe, wamekubali. Na leo nimegundua app nyingine, ya treni, ambapo abiria wa kawaida wanaripoti wenyewe kwamba treni imefutwa au kituo kimefungwa. Nimeshajiandikisha. Ngazi ya kwanza, lakini Jean-Bosco hayumo, nimetafuta jina lake mara tatu.

Colombe ametangaza wakati wa chakula kwamba siku ya harusi haendeshi gari. Bibi harusi, Yaya, shangazi, sote tutapanda treni kutoka Tumba.

Sawa. Hilo ni jambo jingine.