Ombi la Kutengwa na Wenye Ndara za Kahawia

Bi. Nagamori Hatsue,
Mkuu wa Utawala,
Kampuni ya Miavuli Tokuhara,
Fukui.

Mheshimiwa Mama Nagamori,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mafua yaliyoishika ghorofa yenu yamepungua. Sisi wa ghorofa ya tatu hatujambo, isipokuwa watu wa Kahawia, na hao ndio walionifanya nishike kalamu.

Utakumbuka kwamba baridi ilipoanza, ofisi yako ilitununulia ndara mpya za kuvaa ndani. Za buluu zikaisha dukani, mkajazia na za kahawia. Asubuhi hiyo tulizikuta zimepangwa mlangoni, kila mtu akachukua zilizokuwa mbele yake. Tuliowahi tukapata za buluu, waliochelewa wakapata za kahawia. Wanajitetea eti treni yao ilikwama kwenye theluji, lakini mtu mwenye nidhamu hupanda treni isiyokwama. Tangu hapo tabia zao zimekuwa wazi, nami naomba kuzitaja kwa heshima zote:

1. Kwenye mazoezi ya viungo ya asubuhi, redio ikisema tuinue mikono, sisi Buluu huinua. Wao huinua wakishajisikia. Tulipowaambia, wakajibu kwamba sisi ndio tunaoharakisha, kana kwamba redio nayo ni ya Buluu.

2. Bi. Ozeki, wa Kahawia, alirudi kutoka Hokkaido na biskuti za viazi za kuwagawia wenzake, kama ilivyo ada kwa kila anayesafiri. Alipita meza kwa meza. Alipofika kwetu akatutazama miguuni, akasema, “Jamani, samahani, zimeisha.” Boksi jingine lilikuwa kwapani mwake! Ndugu Shimazu, kiongozi wetu, hakuvumilia. Jumapili alifunga safari kwenda kwa mama mkwe wake, mtu ambaye hawapikiki naye chungu kimoja, ili tu arudi na maandazi ya maharage ya kutugawia sisi peke yetu. Mama Nagamori, hebu fikiria mateso aliyoyapata mwenzetu.

3. Meneja wetu, Bwana Ikegaya, huvaa ndara nyeusi alizotoka nazo kwake. Kila akisimama kuzungumza husema, “Sisi hapa ni familia moja.” Watu wa Kahawia wanatangaza kwamba weusi ni kahawia iliyokolea. Huo ni uzushi. Sisi tumezichungulia ndara zake mchana, dirishani, na zina ubuluu. Naomba ofisi yako itoe tamko.

4. Hili la nne ni gumu kuliandika. Mimi na Ndugu Kuwabara tuliajiriwa siku moja, na tangu tukiwa vijana tumekula chakula cha mchana pamoja. Mkewe humfungia plamu iliyotiwa chumvi ambayo haipendi, hunipa mimi, nami humpa yai langu. Kuwabara alichelewa siku ile ya ndara. Juzi nikabeba kisanduku changu nikamfuata kwenye meza yao. Wote wakazitazama ndara zangu. Akaniambia kwa sauti ya chini, “Minegishi, leo acha tu, ndugu yangu. Watanisema.” Nikamjibu, “Hata mimi wangenisema, bwana, lakini si nimekuja?” Akainamia wali wake. Nikarudi kwetu nikala yai langu peke yangu, likagoma kushuka. Nasema wazi, iliniuma sana. Ndipo nikathibitisha kwamba watu wa Kahawia hawana moyo.

Kwa sababu hizo naomba tujengewe ukuta katikati ya ofisi. Ukuta ukishindikana, wahamishiwe ghorofa nyingine. Ila huko nako watatumia lifti yetu, kwa hiyo lifti iwe yetu na wao wapewe ngazi. Na kwa kuwa kwenye ngazi watapata mazoezi na kutuzidi afya, naona ni salama zaidi kampuni igawanywe kabisa. Sisi tutengeneze mipini ya miavuli, wao watengeneze vitambaa, mteja akaunganishe mwenyewe nyumbani kwake.

Nasubiri uamuzi wako wenye busara. Wasalimie wote wa Utawala, na mzee wa getini, na yule dada wa mapokezi, ikiwa ndara zake ni za buluu.

Wako mtiifu,
Minegishi Yasunori,
Kitengo cha Ukaguzi wa Ubora.

N.B. Tafadhali usiyatilie maanani yote niliyoandika hapo juu. Nilipokwisha kutia sahihi nilikwenda msalani, na niliporudi ofisi nzima ikanikodolea macho miguuni. Shimazu akafoka, “Wee! Unatuletea uchafu gani humu?” Nilikuwa nimesahau kubadilisha, nimetoka na ndara za msalani, zile za mpira za kijani zinazovaliwa humo tu. Nilitimka hadi kwenye ngazi, na nani nimkute ameketi pale ila Kuwabara, naye kafukuzwa na wenzake, naye ana za kijani! Tulicheka mpaka machozi. Tukavichukua visanduku vyetu vya chakula, akanipa plamu yake, nikampa yai, na safari hii kila kitu kilishuka vizuri. Sasa tumetambua kwamba Buluu na Kahawia ni watu wale wale, wanaringa na hawana utu. Sisi Kijani tunaomba meza yetu wenyewe, karibu na dirisha. Mimi na Kuwabara tuko kitu kimoja katika hili. Za kwake ni za msala wa ghorofa ya pili, zina mstari mweupe ubavuni. Si neno. Nimeuona tu.