Ombi la Kurudishiwa Springi Zilizogeuzwa Mbuzi za Nazi

Bagamoyo,
Jumanne, 1 Septemba 1953

Kwa Bwana Liwali,

Assalaam alaikum. Baada ya salamu, mimi ni Bwanausi Pazi, yule mwenye gari jeusi la kuchukulia maharusi, na siku zisizo na harusi abiria wa Zinga. Nakuandikia kwa adabu zote, ingawa hasira zimenifika hapa kooni.

Ijumaa hii binti yangu Ashatu anaolewa Zinga. Mwaka wa nane huu napeleka mabinti wa watu kwa waume zao, na leo wangu mwenyewe anatafutiwa gari la mtu mwingine. Nitaweka wapi uso wangu? Chanzo ni fundi Oswaldi, na malalamiko yangu ni haya:

1. Gari langu lilikuwa likiyumba. Liliyumba kwa maringo, kulia kidogo, kushoto kidogo, na akina mama waliomo ndani wakiimba kwa kufuata mwendo wake. Mwezi uliopita, kwenye kona ya kuingilia Zinga, lilizidisha maringo hata kapu la samaki la Mzee Salumu likatoka dirishani, na yeye nusura alifuate. Basi nikaenda kwa Oswaldi kumwambia gari litulie. Akanitandazia springi laini na springi ngumu. Akanionyesha na vyuma vya kuunganisha gurudumu la huku na la kule, ili upande mmoja ukitaka kulala mwenzake uuvute. Kimoja chembamba, kimoja kinene. Akaniuliza nataka vipi. Bwana Liwali, mtu wa heshima zangu huulizwa mbele za watu kama anataka chembamba? Nikachagua springi ngumu kuliko zote na chuma kinene kuliko vyote. Fundi mwenye imani angenikatalia.

2. Sasa gari limekakamaa. Bi Mwanamkasi, somo wa binti yangu, yaani kungwi aliyemfunda, alilipanda mara moja tu, akashuka akiuliza kama hili ni la kubebea bibi harusi au magunia ya chumvi. Amekata shauri kwamba mwari wake hatalipanda, na neno la somo wewe unalijua, hata baba mzazi hana rufaa.

3. Adabu za watu zimepungua. Zamani abiria walikuwa wakiangukiana kila kona, wakaombana radhi, wakaulizana hali, na kabla ya kufika Zinga wamekwisha kugundua kuwa ni ndugu. Sasa kila mtu ameketi wima kama anangoja hukumu barazani kwako.

4. Nilipotaka springi zangu za zamani nirudishiwe, Oswaldi akasema nilimruhusu azitupe. Ni kweli nilimruhusu, lakini sikujua kwamba atanisikiliza. Alimpa mhunzi Martini, naye akazikata akazifua, akatengeneza mbuzi za kukunia nazi kumi na nne. Akina mama wa Zinga wamezigombania, maana meno yake hayafi.

5. Mbuzi ya kumi na nne iko jikoni kwangu. Mke wangu Mwanahija ameikalia na hataki kuinuka. Tangu Jumamosi nakula wali uliopikwa kwa springi yangu mwenyewe, na ni mtamu, hilo siwezi kukana, lakini machozi yananitoka.

Kwa hiyo naomba serikali iwaamuru wanawake wote wa Zinga warudishe mbuzi hizo, Martini aziunge ziwe springi tena. Kama hilo litachelewa, basi barabara ya Zinga ichimbwe mashimo mapya kumi kabla ya Ijumaa, matano kila upande, yapishane, gari lipate walau kuyumba kwa kulazimishwa.

Nisalimie watu wote wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo, na karani wako, na yule askari wa mlangoni aliyenifukuza jana.

Ni mimi mtiifu wako, mwenye gari lililotulia na moyo usiotulia,

Bwanausi Pazi

Tanbihi: Bwana Liwali, tafadhali usiisome barua hii. Kwa haraka zangu nilimtuma Hija, mpiga mbiu, atangulie Zinga kutangaza kwamba kila mwenye mbuzi amletee Bwanausi kabla ya harusi. Watu wakadhani ni mchango wa karamu. Wameleta mbuzi kumi na mmoja, wenye miguu na ndevu, na wenyewe wengine wameomba radhi kwamba mbuzi wao ni wadogo. Nimewapakia mbuzi hao wote garini mpaka Bagamoyo. Kwenye kona ile ile hakuyumba hata mmoja. Walisimama wamenitazama tu. Bi Mwanamkasi ameona kwa macho yake, akasema chombo kinachowafikisha mbuzi salama hakiwezi kumwangusha mwari, na Ashatu ameniambia, huku akiona haya, kwamba siku zote gari langu lilikuwa likimtapisha. Ijumaa atalipanda. Wewe na Oswaldi mnakaribishwa karamuni. Nyama ipo, na nazi tunakuna wenyewe.