Nilidhani ni Matembezi

Jumatano, 6 Agosti
Nimechoka kabla sijaanza. Muuguzi wa wodi ya mpwa wangu alitangaza matembezi ya hisani, kuchangia vijana wenye saratani, nikawa wa kwanza kunyoosha mkono. Matembezi nayajua: unapita kwa watu, unakaribishwa, unakunywa chai. Leo wamegawa ratiba. Siku tatu, mlima, mahema. Neno wangelichagua vizuri.

Kujitoa siwezi. Mpwa wangu, binti wa miaka ishirini na mbili, dawa imemnyoa kuliko kinyozi, amenikabidhi kitambaa chenye jina lake nikakifunge kileleni. Kila mgonjwa ana mtu wake wa kumbebea. Baba yake, yaani shemeji yangu, alishanyoosha mkono kukipokea. Binti akasema hapana, apewe mjomba, si ndiye aliyevuka milima saba na gunia la chumvi? Nikamrekebisha: minane. Shemeji akakohoa. Goti bovu, na wivu juu.

Alhamisi, 7
Nimewaongoza wote mpaka kona ya kwanza. Kuanzia hapo nimelinda nyuma. Shemeji kanipita akichechemea, akasema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Pumzi sikuwa nayo.

Jioni binti kapiga simu. Nikamwambia nimembeba muuguzi kuvuka mto. Akauliza mto una upana gani. Nikasema wa kutosha. Kacheka. Sauti yake imekuwa nyembamba kuliko wiki jana. Muuguzi alikuwa jirani, akavitazama viatu vyangu vikavu.

Ijumaa, 8
Mpango: bandeji kifundoni, kisha gari la vyakula, ambalo bila shaka huzunguka upande wa pili hadi karibu na kilele. Nitawasubiri huko nimekaa kishujaa. Nimeugulia vizuri sana. Muuguzi kanitazama kitambo, akasema haya mzee, panda. Shemeji akaomba akishike kitambaa, kisije kikapata mafuta ya gari. Nikampa. Goti lile lingefika wapi?

Gari lilikwenda sokoni. Nimemenya vitunguu mchana kutwa. Machozi yote ni ya vitunguu.

Jumamosi, 9
Wameshuka. Goti limefika kileleni, na mwenyewe juu yake. Hajanisema hata neno. Afadhali angenisema.

Jumapili, 10
Wodini. Nimemtangulia shemeji, yeye ngazi anazipanda moja moja. Nikamsimulia binti yote: upepo, tai wawili, mlingoti wa shaba, fundo nililolikaza kwa meno. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akatoa simu. Picha kutoka kwa baba yake, ya jana. Mlingoti hakuna. Kuna kiti cha plastiki, mguu mmoja umeungwa kwa waya, na kitambaa kimefungwa kwenye egemeo. Kiti kilifikaje huko, hakuna ajuaye.

Akauliza, mjomba, na hiki je?

Shemeji akaingia, akakaa, akasugua goti. Angeweza kunimaliza pale pale. Akasema tu, haya shemeji, mwambie mtoto.

Nikamwambia kiti nilikipandisha mimi. Mwaka ule wa chumvi.

Binti alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia dripu. Halafu akasema, kwa sauti ile nyembamba, mwakani atapanda mwenyewe akakikalie. Mimi nibebe kingine, cha baba yake.

Nimesema nitabeba viwili, na meza.